Zimeni Baadhi ya Taa

Kuna aina ya tamasha la msituni ambalo hunichosha kabla sijamaliza kuegesha gari. Giza linaingia, njia imefagiliwa, na kila shina limepigwa taa ya rangi: hili zambarau, lile kijani, lile la pembeni waridi linalowaka. Juu zimetundikwa taa za uzi, chini kuna taa za kuongozea miguu, na projekta inarusha maua yanayochanua juu ya majani ambayo yangetosha yenyewe. Watu wanashangaa, wanapiga picha, wanasogea. Baada ya nusu saa wameumaliza msitu mzima na hawajautazama mti hata mmoja. Wahenga walisema penye miti hapana wajenzi. Siku hizi penye miti wajenzi wamejaa, na kila mmoja kaja na jenereta yake.

Nasema haya nikiwa mtu wa taa. Nimevuta nyaya kwenye tope, nimefunga taa nikiwa juu ya ngazi inayoyumba, nimebishana na mafundi umeme usiku wa manane. Sina ugomvi na mwanga. Ila kila nikifanya kazi msituni naona jambo lilelile likirudiwa. Wasanii wa ile sanaa ya kukumeza, ambayo hutundikiwi ukutani ukaitazama bali unaingia ndani yake ikakuzunguka, wanakuja porini kufuata kitu ambacho jumba la maonyesho haliwezi kukitengeneza vizuri, yaani giza lenye kina. Halafu kazi ya kwanza wanayompa fundi ni kulifukuza giza hilo.

Tuanze na jicho, maana hapo ndipo mpango mzima unapoharibika. Ukitoka kwenye mwanga mkali ukaingia gizani, mboni hupanuka upesi, lakini kazi kubwa hufanyika nyuma ya jicho, kwenye chembe zinazopokea mwanga hafifu, nazo huchukua kama nusu saa au zaidi kuamka sawasawa. Zikishaamka utajishangaa. Utafuata njia kwa mwanga wa nyota, utaona weupe wa gome, utatofautisha shina na kivuli chake. Mtu mmoja akikuwashia tochi ya simu usoni, umerudi mwanzo. Chembe hizo karibu hazijali mwanga mwekundu, ndiyo maana wanaotazama nyota hutembea na tochi nyekundu, na ndiyo maana fundi anayeujua msitu huweka wekundu kidogo pale penye kisiki cha kujikwaa, kisha rangi nyingine akaziacha sandukuni.

Kwa msanii maana yake ni kwamba mpangilio wa njia ndio kazi yenyewe. Ukisimika vitu vitano vinavyong'aa kwa mfululizo, cha tano hakina nguvu yoyote, hata kiwe kimegharimu kuliko vingine vyote. Ukisimika kimoja, kisha ukampa mtu mwendo wa dakika kumi bila kitu, taa ya ukubwa wa kidole iliyofichwa nyuma ya mzizi itamsimamisha. Nimewaona watu wazima wakipiga magoti mbele ya taa kama hiyo, wakanong'ona bila kuambiwa. Kuwasha kila mti ni sawa na msimulizi anayekatiza hadithi kila baada ya sentensi ili awaeleze wasikilizaji kitakachofuata.

Najua nitaambiwa: mbona Electric Forest? Ni kweli. Tamasha hilo limekuwa likifanyika Rothbury, jimbo la Michigan nchini Marekani, tangu 2011, na pamoja na majukwaa yake makubwa ya muziki limepata sifa kwa eneo la misonobari waliloliita Sherwood Forest, ambako taa, sanamu, nyavu za kulalia na waigizaji waliovalia kila namna huchanganyika na umati. Taa ni nyingi ajabu. Na lazima nikubali, pale zinafanya kazi. Misonobari mirefu yenye matawi juu na nafasi chini huacha mwanga upite mbali. Unaona shina nyuma ya shina hadi macho yanachoka, na rangi zinapozidi kufifia kwa umbali ndivyo msitu unavyozidi kuonekana hauna mwisho.

Kinachonikera ni walioiga bila kuangalia walipo. Mbinu iliyofaa kwenye misonobari inabandikwa kwenye msitu wa miti mchanganyiko, wenye vichaka vya chini na majani hadi kiunoni, na huko mwanga ukipiga jani la kwanza umekwisha hapohapo. Nyuma yake panabaki ukuta mweusi. Msitu mnene ukiwashwa taa unakuwa mdogo. Unakuwa chumba. Nilimwambia hivyo msimamizi mmoja wa maonyesho akanijibu kwamba picha zimetoka vizuri, na kwa upande wa picha alikuwa na haki.

Sasa sauti, kwa sababu kazi ya miti ninayoiheshimu kuliko zote haikutegemea taa. Mwaka 2012, kwenye maonyesho ya sanaa ya documenta 13 mjini Kassel, Ujerumani, wasanii Janet Cardiff na George Bures Miller kutoka Kanada walificha spika zaidi ya 30 kati ya miti ya bustani ya Karlsaue, wakaweka visiki vya kukalia. Basi. Hapakuwa na sanamu ya kuzunguka wala kitu cha kugusa. Unakaa, na baada ya muda hujui sauti ipi ni ya msitu na ipi imerekodiwa. Tawi linavunjika nyuma yako, unageuka, hakuna mtu. Upepo unavuma kwa nguvu na majani ya juu yametulia. Kisha zinakuja eropleni, milio ya silaha, milipuko, sauti za watu, halafu kwaya inaimba ukiwa katikati yake. Mzunguko mzima ulikuwa wa dakika 28.

Kassel ulikuwa mji wa viwanda vya silaha, na usiku mmoja wa Oktoba 1943 ulipigwa mabomu hadi katikati yake ikateketea. Kazi ile haikuhitaji kulisema hilo. Ilitosha kumkalisha mtu kwenye kisiki chini ya miti ya mji uleule na kumwachia masikio. Ndiyo maana nikisikia watu wanasema sanaa ya kukumeza ni suala la teknolojia, huwa nawauliza: teknolojia ipi? Spika zile zilikuwa nzuri, na kuzipanga ili sauti ipite juu ya kichwa chako kutoka mti mmoja hadi mwingine ni ufundi mkubwa. Lakini kilichokumeza ni kukaa na kusubiri.

Hapa kuna jambo ambalo waandaaji wengi hulijua wakiwa wameshachelewa. Majani na mashina hutawanya sauti nyembamba, ndiyo maana mtu akizungumza kidogo tu mbele yako njiani humsikii vizuri. Besi haina habari na majani. Inapita. Jukwaa la muziki lililo upande wa pili wa msitu litakufikia kifuani ingawa wimbo wenyewe huusikii, na kazi yoyote ya kimya iliyosimikwa kati yenu imekufa. Dawa yake haiko kwenye kununua spika kubwa zaidi. Iko kwenye ramani: kilima kikae katikati, au zipangwe saa ambazo jukwaa linanyamaza. Bahati mbaya ramani za matamasha huchorwa kwa kuanza na jukwaa, maegesho, vyoo, kisha wasanii wanagawiwa kilichobaki, na kilichobaki mara nyingi ni nyuma ya jenereta.

Ukungu niuseme kwa ufupi. Yule aliyeufanya kuwa sanaa ni Fujiko Nakaya wa Japani, binti wa Ukichiro Nakaya, mwanafizikia aliyetengeneza chembe ya theluji maabara. Mwaka 1970, kwenye maonyesho ya dunia ya Osaka, aliufunika ukumbi mzima kwa ukungu wa maji matupu yaliyosukumwa kwa nguvu kwenye vitundu vyembamba sana. Ni maji, wala si ule moshi wa majukwaani unaokwaruza koo. Upepo ukibadilika, kazi imebadilika. Jua likichomoza, kazi imekwenda. Ukungu namna hii ukipita kati ya miti unakuonyesha hewa inavyotembea mahali ulipodhani imetulia. Nikipewa uchaguzi kati ya taa mia na pampu moja ya maji, siku hizi nachukua pampu.

Waigizaji ndio wanaonivutia kuliko yote, na ndio sehemu ngumu. Msituni hakuna pazia, hakuna jukwaa, hakuna kitu kinachomwambia mtazamaji atazame wapi. Kundi la Punchdrunk la Uingereza, lililoanzishwa 2000, lilipata umaarufu kwa kuwavalisha watazamaji barakoa: mwenye barakoa ni mgeni, asiye nayo anaigiza, na kila mtu anajua nafasi yake. Kwenye tamasha la msituni mpaka huo haupo. Watu wamekuja wamejipaka rangi, wamevaa mabawa, wamevaa pembe. Unakutana na mzee mwenye kofia ya majani akikusalimu kwa adabu, na hujui kama amelipwa au amelewa. Uzuri wote wa jambo hili uko hapo, na hatari yake yote iko hapohapo.

Nimefanya kazi na mwigizaji mmoja ambaye siwezi kumsahau. Alikuwa anaketi kwenye gogo pembeni ya njia, amevaa nguo za kawaida kabisa, anahesabu majani kwa sauti ya chini. Hakumwita mtu. Wapitaji walikuwa wanapunguza mwendo wenyewe, wanasimama, na mmoja akikaribia vya kutosha, yule dada alikuwa anainua kichwa na kumwambia, "Nishikie mia tatu na kumi, kaka, nakuja sasa hivi," kisha anaondoka zake ndani ya miti. Harudi. Mtu anabaki pale na namba. Wengine walicheka wakaendelea na safari. Wengine, na hawa walikuwa wengi kuliko tulivyotarajia, walibaki wanahesabu. Waliwapokeza wengine. Saa kadhaa baadaye, upande mwingine kabisa wa msitu, mwigizaji wa pili alikuwa anamuuliza kila anayepita, "Samahani, umebeba ngapi?" Aliyekuwa nayo alijibu kwa kiburi kama aliyetunza amana, na asiyekuwa nayo alianza kujiuliza amepitwa na nini.

Gharama ya kazi ile ilikuwa malipo ya watu wawili. Hapakuwa na waya.

Ukiitazama kwa makini utaona ufundi wake. Alianza na shughuli, maneno yakafuata. Mtu gizani akiona mwenzake ana shughuli, hofu inapungua na udadisi unapanda. Hakuziba njia; aliyetaka kupita alipita. Mikono ilionekana muda wote. Kisha akampa mgeni jukumu dogo asiloweza kushindwa. Linganisha na yule anayeruka kutoka nyuma ya mti akiwa na kinyago na kupiga kelele. Mwanamke anayetembea peke yake usiku hana njia ya kujua kwamba hiyo ni sanaa, na kwa maoni yangu si sanaa. Makundi ninayoyaamini huwaweka waigizaji wawiliwawili, na mhudumu mwenye redio ya mkononi mahali anapoweza kusikia wakiita. Pia huwafundisha kusoma miguu: mgeni akielekeza vidole vya miguu njiani ilhali uso unakutazama wewe, mwache aende.

Kuhusu miti yenyewe sitakaa sana, ingawa ningeweza. Watu hudhani msumari ndio adui mkubwa. Msumari ni mbaya, lakini mti huzingira jeraha dogo na kuendelea. Kinachoua ni waya au kamba nyembamba iliyofungwa kuzunguka shina ikasahaulika, maana chakula cha mti hupita chini tu ya gome, na ukilikaba gome pande zote umeikaba mizizi. Kwa tamasha la siku chache, mkanda mpana wenye kitambaa chini yake, ukafunguliwa siku ya kuondoka, unatosha kwa karibu kila kitu. Mizizi nayo haiko chini sana kama inavyochorwa vitabuni. Mingi iko kwenye udongo wa juu na hutambaa kupita kivuli cha matawi. Lori likipita juu yake, au maelfu ya miguu, udongo hushindiliwa, hewa hutoka, na mti hudhoofika miaka baadaye wakati waandaaji wameshahamia kwingine. Taa nyeupe na za samawati huvuta nondo kuliko za rangi ya kaharabu. Baadhi ya popo hukwepa kabisa njia iliyowashwa. Kila moja ya hizi ni sababu nyingine ya kuzima baadhi ya taa, hata kama hujali sanaa.

Halafu kuna Osogbo. Nikisoma matangazo yanayodai tamasha fulani limevumbua namna mpya ya kuunganisha msitu, sanamu na maonyesho, nakumbuka msitu mtakatifu wa Osun, kando ya mto Osun kwenye mji wa Osogbo, kusini magharibi mwa Nigeria. Hekta 75 hivi za msitu wa asili, zenye madhabahu na sanamu za Osun, mungu wa uzazi wa Wayoruba, na miungu mingine. Mwaka 1950 msanii wa Austria, Susanne Wenger, alifika Nigeria. Baadaye akaingia katika dini ya Kiyoruba akawa kuhani. Wakati huo msitu ulikuwa unaliwa: miti inakatwa, wawindaji wanaingia, madhabahu zinabomoka. Yeye na wasanii wa hapo, akiwemo Adebisi Akanji ambaye alikuwa fundi mwashi, walianza kujenga upya kuta na sanamu kwa udongo, saruji na chuma, nyingine kubwa kupita nyumba, zenye mikono iliyonyooshwa na macho yaliyotokeza. Nia ilikuwa pia kuulinda msitu: mahali palipokaliwa na mungu hapaingiwi na shoka ovyo. Ilifaulu vya kutosha kiasi kwamba mwaka 2005 UNESCO iliuweka kwenye orodha ya urithi wa dunia. Wenger alifia Osogbo mwaka 2009.

Kila Agosti kuna tamasha. Binti mwenye wadhifa wa Arugba hubeba kichwani kibuyu cha sadaka kutoka jumba la mfalme hadi mtoni, ngoma zinalia, umati unamfuata kwa nyimbo na maombi. Siku hizi watalii na kamera wamo. Lakini utaratibu wa mahali haukupangwa kwa ajili yao. Sanamu zimesimama pale zinapohusika, haijalishi kama zinaonekana vizuri kutoka njiani. Wanaokuja wamekuja na haja zao, kuomba mtoto, kuomba afya, kushukuru, na kwa hiyo hawahitaji mtu wa kuwafundisha "kushiriki". Siwaambii waandaaji wa matamasha wabuni dini. Huko ndiko kuna upuuzi mwingi sana wa mapembe na ubani, na nimeuona wa kutosha. Ninachokitazama ni mpangilio: msitu ulikuwa na sheria zake kwanza, usikate, usiwinde, usivue, na sanaa ikaja kuzitumikia.

Jambo jingine ambalo Osogbo inalo na matamasha ya wikiendi hayana ni muda. Katika bonde la Sella huko Trentino, Italia, wasanii wamekuwa wakialikwa tangu 1986 kufanya kazi kwa matawi, mawe na majani, na kuziacha zioze. Giuliano Mauri alisimika huko mwaka 2001 kanisa lisilo na paa: nguzo 80 za matawi yaliyosukwa, ndani ya kila moja mti mchanga, ili nguzo zikioza miti iwe imeshika nafasi. Mwishoni mwa Oktoba 2018 dhoruba iliyopewa jina la Vaia ilipita na kuangusha misitu mingi ya eneo lile, na sehemu kubwa ya maonyesho ya bonde hilo ikaharibika. Naye msanii wa Uingereza David Nash alipanda Wales, mwaka 1977, duara la miti 22 ya eshi na kuikunja mwaka hadi mwaka iwe kuba. Baadaye ukaja ugonjwa wa kuvu unaoua miti ya aina hiyo kote Ulaya. Hakuna fundi wa taa anayeweza kupanga jambo la namna hiyo, na kazi zile zina uzito kwa sababu tangu mwanzo zilikubali kwamba msitu una neno la mwisho.

Kuna pingamizi moja ambalo sina jibu lake kamili. Ninapodai giza na njia ndefu, namfikiria mtu mwenye miguu miwili mizima na macho mazuri. Anayekuja kwa kiti cha magurudumu anakutana na mizizi na tope. Mwenye uoni hafifu haoni wekundu wangu hafifu. Sheria za usalama nazo zinadai taa za kutokea, na zina haki. Mara nyingi suluhisho linalochukuliwa ni kumtengenezea mtu huyo njia fupi ya mbao karibu na lango, ikiwa na taa zote na vitu vya ziada ambavyo havikupata mahali pengine, huku kazi kubwa zikiwa ndani kabisa ambako hafiki. Ningependa kuona kinyume chake. Mbao ziingie hadi katikati ya msitu, taa ziwe chini usawa wa kifundo cha mguu na zimekingwa zisipande juu, kamba ya kushika iwepo upande mmoja, na yule anayehesabu majani akae hapo. Fedha zikitosha njia moja tu, iwe hiyo, na kazi bora zote zisimikwe kando yake. Wanaoweza kuruka mizizi watafika tu.